Saa tano na nusu za mchana: uchambuzi wa kisa cha ploti moja Mukuru kwa Njenga

Kisa hiki cha dhuluma ya kingono dhidi ya mtoto ni cha kuunganishwa. Hakimhusu mtoto mmoja wala ploti moja. Ni mambo yanayojirudia katika mitaa ya Nairobi, yaliyopangwa kama tukio moja ili yachambuliwe hatua kwa hatua bila kumwanika mtoto yeyote. Sheria, muda na taratibu zinazotajwa ni zile zinazotumika Kenya.

Ploti ina vyumba 24 vya mabati, futi kumi kwa kumi, vimetazamana, na ujia mwembamba katikati. Mfereji wa maji uko langoni, vyoo viwili na bafu mbili ziko mwisho wa ujia. Mtoto ni msichana wa miaka 9, yuko Gredi ya 3. Mama yake anafanya kibarua kiwandani Industrial Area: anatoka saa kumi na moja na nusu alfajiri na kurudi saa moja na nusu usiku. Shule inawaachilia wa darasa lake saa nane mchana. Kwa hiyo kila siku ya shule kuna saa tano na nusu ambapo mtoto ana ufunguo shingoni na hakuna mtu mzima anayeweza kusema kwa uhakika yuko wapi.

Mpangaji wa chumba namba 14 ni fundi wa simu anayefanyia kazi zake nyumbani. Ana televisheni na intaneti. Watoto huenda kwake kutazama katuni wakati wazazi wako kazini, na wazazi wanashukuru, kwa sababu afadhali hapo kuliko barabarani kwenye bodaboda na mitaro. Analipa kodi kwa wakati na anaheshimu wazee. Muhula wa kwanza wa mwaka walikuwa wanaenda watoto sita. Kufikia katikati ya muhula wa pili alikuwa anabaki mmoja, kwa kuwa wengine walikuwa wanatumwa dukani au wanaambiwa stima imeisha. Huyo mmoja alipewa shilingi 20, baadaye 50, na akafundishwa kwamba wao wawili wana siri.

Anayetafuta mdhalimu miongoni mwa wageni wenye sura mbaya atamkosa huyu kabisa. Anayedhulumu mtoto mara nyingi ni mtu anayefahamika, na kabla ya kumzoea mtoto huwa ameshawazoea wazazi.

Kila mtu na kipande chake

Muuza smoki langoni aliona mtoto akija na shilingi 50 mara mbili au tatu kwa wiki, wenzake wakija na kumi. Akadhani mama amepata kazi nzuri. Mwalimu wa darasa aliona mtoto akisinzia, alama za hesabu zikishuka, na akibaki nyuma kufagia darasa hata siku zisizo zamu yake. Kwenye ripoti akaandika aongeze bidii. Mhudumu wa afya ya jamii, ambaye kwa kawaida hupangiwa takriban nyumba 100, alipita kila mwezi, lakini saa nne asubuhi, akakuta kufuli. Keateka, yaani msimamizi wa ploti, aliona pazia la namba 14 likishushwa mchana. Jirani wa namba 15 alisikia kupitia ukuta wa mabati mtoto akisema "sitaki", akaongeza sauti ya redio, kwa sababu siku moja aliwahi kuingilia ugomvi wa mume na mke akaishia kutukanwa yeye. Mama mwenyewe alijua kwamba mtoto ameanza tena kukojoa kitandani baada ya kuacha kwa miaka minne.

Hakuna kipande kinachothibitisha jambo kikiwa peke yake. Kusinzia kunaweza kuwa njaa. Kukojoa kitandani kunaweza kuwa ugonjwa wa njia ya mkojo. Mtoto wa miaka tisa anaweza kuokota hamsini. Lakini vikiwekwa pamoja, kwa mtoto mmoja ndani ya miezi mitatu, vinamlazimisha mtu mzima yeyote mwenye akili kuuliza. Havikuwekwa pamoja kwa sababu hapakuwa na mahali pa kukutania. Mwalimu hamjui keateka. Mhudumu wa afya hana sababu ya kusimama kwa muuza smoki. Kamati za Nyumba Kumi, zilizoanza mwaka 2013, ziliwekwa kwa ajili ya usalama, na kwenye vikao vyake wizi na wapangaji wapya huzungumzwa kwa kirefu. Watoto hutajwa mwishoni, watu wakiwa wameanza kuinuka.

Kipigo kilichofunga mdomo

Katika makosa yote ya kisa hiki, tunaona hili ndilo lililogharimu zaidi, na ndilo linalozungumzwa kwa uchache.

Mama anarudi usiku, amesimama kazini siku nzima, anakuta godoro limelowa. Maji ya kufulia ni ya kununua kwa mtungi. Kesho anaamka kabla ya jua. Anachukua mwiko na kumchapa mtoto, akiamini ni uvivu wa kwenda chooni usiku. Mtoto anachapwa leo, anachapwa Jumatatu, anachapwa wiki inayofuata. Hakuna anayeuliza kwa nini mtoto aliyekuwa mkavu tangu akiwa na miaka mitano ameanza upya.

Mpangaji wa namba 14 anasikia kipigo hicho kama ploti nzima inavyosikia, na anakitumia. Anamwambia mtoto: "Ukimwambia mama, atakuchapa." Hakuhitaji kumtisha kwa kisu wala kwa majini. Alihitaji tu kusema jambo ambalo mtoto anajua ni kweli.

Utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto wa mwaka 2019 uliwauliza vijana wa miaka 18 hadi 24 yaliyowapata utotoni. Zaidi ya nusu ya wanaume na takriban wanawake wanne kati ya kumi walisema walipigwa au kuumizwa mwilini kabla ya kufika miaka 18. Dhuluma ya kingono ilitajwa na asilimia 15.6 ya wanawake na asilimia 6.4 ya wanaume. Watu husoma takwimu hizo mbili kama matatizo mawili tofauti. Ndani ya chumba cha futi kumi kwa kumi zinafanya kazi pamoja: mtoto anayetarajia kiboko kwa kila kosa hatatoa habari yoyote inayomfanya aonekane mkosaji, na mdhalimu humfanya mtoto ajione mkosaji tangu siku ya kwanza aliyopokea hamsini. Viboko vilipigwa marufuku shuleni mwaka 2001, na Katiba ya 2010, kifungu cha 29, inamlinda kila mtu dhidi ya adhabu hiyo. Kwa mzazi aliyechoka, hata hivyo, hoja inayoshika zaidi ni hii: ukitaka mtoto akwambie jambo zito, lazima awe ameshakwambia madogo mara nyingi bila kuumia. Amevunja kikombe, amepoteza kalamu, amekojoa. Hapo ndipo mtoto hupima kama mama anaambilika.

Alhamisi shuleni

Mtoto alimwambia mwenzake wa dawati. Mwenzake akamwambia mwalimu wakati wa mapumziko.

Mwalimu alimchukua mtoto akaketi naye barazani, mahali wanapoonekana lakini hawasikiki. Akasema: "Mwenzako ameniambia kuna jambo linakusumbua. Ungependa kuniambia?" Baada ya hapo aliuliza tu "ikawaje?" na "halafu?" Hakutaja jina la mtu wala kiungo cha mwili kabla mtoto hajavitaja. Mtoto akasema: "Mwalimu, usimwambie mama. Atanichapa." Mwalimu hakuahidi kuficha. Alimjibu kwamba hawezi kulinyamazia kwa sababu anataka likome, kwamba kosa si lake, na kwamba atazungumza na mama kwanza, yeye mwenyewe.

Halafu aliandika. Tarehe, saa, maneno ya mtoto kama alivyoyatamka, hata yale ya kitoto, na maswali yake mwenyewe. Karatasi kama hiyo ina uzito mkubwa kuliko watu wanavyofikiri. Mtu mzima akibadilisha maneno ya mtoto yawe ya kisheria, wakili wa mshtakiwa atauliza mtoto wa Gredi ya 3 aliyajulia wapi. Mtoto akihojiwa tena na mwalimu mkuu, na shangazi, na mchungaji, na mzee wa mtaa, maelezo yataanza kutofautiana, na tofauti hizo zitasomwa kama uongo. Kuhoji kwa kina ni kazi ya wachunguzi. Shule inahitaji kusikia mara moja, kuandika, na kupeleka habari mbele.

Kabla ya saa tisa alikuwa amepiga 116, simu ya bure ya watoto inayofanya kazi saa 24, na kupitia hapo akaunganishwa na afisa wa watoto wa kaunti ndogo. Pia alimpigia mhudumu wa afya wa eneo hilo. Shule ambayo haina namba hizi zimebandikwa ukutani itatumia siku mbili kuzitafuta.

Kwa nini "tukae Jumamosi" ni hatari

Mwalimu mkuu, kwa nia njema, alimjulisha mzee wa mtaa. Saa mbili usiku mzee alifika kwa mama akiwa na mjomba wa mtuhumiwa. "Mama, haya mambo tutayamaliza hapa nyumbani. Ukienda polisi mtoto atajulikana mtaa mzima, na nani atamwoa? Tukae Jumamosi, watu wakiwa hawaendi kazini." Mjomba alitaja shilingi 30,000. Mama analipwa 500 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, yaani 13,000. Pesa aliyowekewa mezani inazidi mshahara wa miezi miwili, na hajamaliza kodi ya mwezi. Anayemlaumu mama kwa kuifikiria pesa hiyo hajawahi kudaiwa na landilodi.

Sasa hesabu ya saa. Tukio la mwisho lilikuwa Jumanne saa kumi alasiri. Dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya ukimwi zinapaswa kuanza ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inapunguza uwezo wake. Saa 72 zinaisha Ijumaa saa kumi alasiri. Kikao cha Jumamosi, hata kama kingeishia kwa uamuzi wa kwenda hospitali, kingekuwa kimechelewa. Nguo zingekuwa zimefuliwa. Mtuhumiwa, akiwa amejua tangu Alhamisi usiku, angekuwa amepanda basi la kwenda mashambani.

Na kisheria mzee hana cha kusuluhisha. Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006, kifungu cha 40, inamwachia mkuu wa mashtaka uamuzi wa kusimamisha uchunguzi au kesi ya aina hii; mama hawezi kuiuza, polisi hawezi kuifunga mezani, na chifu hana mamlaka ya kuipatanisha. Kitendo kisicho cha adabu dhidi ya mtoto, chini ya kifungu cha 11, hukumu yake haipungui miaka 10. Kumnajisi mtoto wa miaka 11 au chini ni kifungo cha maisha. Daktari na mahakama ndio watakaojua ni kosa lipi. Familia haitakiwi kujiamulia kwamba "hakufika mbali" na kwa hiyo hospitali haihitajiki. Watoto wengi husimulia sehemu ndogo kwanza.

Kilichomwokoa mama na kikao hicho ni kwamba mhudumu wa afya alibisha saa kumi na moja alfajiri ya Ijumaa, kabla hajatoka kwenda kazini. Hakumhubiria. Alimwambia: "Mama, leo tunaenda pamoja. Nimempigia msimamizi wako na nitampigia tena kukikucha." Mtu mmoja wa kutembea naye siku ya kwanza ana thamani kuliko semina nzima.

Ijumaa, kwa mpangilio

Mtoto hakuogeshwa. Nguo za Jumanne, ambazo kwa bahati zilikuwa bado kwenye beseni la nguo chafu, zilikunjwa kila moja kwenye gazeti na kuwekwa ndani ya bahasha ya khaki. Mfuko wa plastiki hushika unyevu, nao huharibu ushahidi. Mama alibeba nguo nyingine za kumbadilisha, maji, na cheti cha kuzaliwa. Cheti kinahitajika kwa sababu adhabu inategemea umri. Kikikosekana, kadi ya kliniki au ripoti ya daktari wa meno itatafutwa, na hapo kesi huanza kuburuzwa.

Walianza hospitali. Si lazima kupita polisi kwanza, na anayerudishwa kutoka hospitalini akalete fomu ana haki ya kukataa kurudi kabla mtoto hajatibiwa. Jijini, Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta na ile ya Mama Lucy Kibaki zina vitengo vya waliodhulumiwa kingono, na matibabu ya makosa haya katika hospitali za umma ni ya bure. Daktari hujaza fomu ya PRC, ya kuandika alichokikuta kwa aliyedhulumiwa kingono, nakala tatu: moja ya polisi, moja ya mwathiriwa, moja ya hospitali. Mama alihakikisha anaondoka na yake, akaipiga picha kwa simu na kuituma kwa afisa wa watoto. Mtoto alipimwa, na kwa kuwa daktari hakuweza kuondoa uwezekano wa maambukizi, akaanzishiwa dawa za siku 28. Dawa hizo humtapisha mtoto siku za mwanzo, na wengi huziacha wiki ya kwanza. Mhudumu wa afya alipanga kupita kila jioni siku saba za mwanzo kuhakikisha zinamezwa baada ya chakula. Kwa msichana aliyevunja ungo, kungekuwa pia na vidonge vya dharura vya kuzuia mimba, ndani ya saa 120.

Kituoni mambo yalikwama. Afisa wa dawati la jinsia hakuwepo, na aliyekuwa kaunta akawaambia warudi Jumatatu au wamlete mtuhumiwa wenyewe. Hili hutokea, na dawa yake ni utulivu na maneno mahususi: "Tunaomba kuandikisha na kupewa namba ya OB." Taarifa ikishaingia kwenye kitabu cha matukio ina namba, tarehe na saa, na kuanzia hapo kuna mtu wa kuulizwa. Waliomba kumwona mkuu wa kituo. Afisa wa watoto alikuwa kwenye simu. Namba ya OB ilitoka, fomu ya P3, ile ya polisi ambayo daktari hujaza kuhusu majeraha na ambayo hutolewa bure, ikatolewa, na mtuhumiwa akakamatwa saa kumi na moja jioni. Mama angekuwa peke yake angerudi nyumbani mikono mitupu.

Jioni hiyohiyo vijana wa stendi ya bodaboda walikuwa wamepata habari na walikuwa wanakusanya mawe. Wengi huona hilo kama jamii kusimama na mtoto. Hasira yao tunaielewa kabisa. Lakini mtuhumiwa akiuawa, uchunguzi unageuka kuwa wa mauaji, vijana wanne wa mtaa wanaingia rumande, watoto wengine aliowadhulumu hawatajulikana kamwe, na msichana wa miaka tisa atakua akiamini kwamba mtu alikufa kwa sababu yeye alisema. Mwenyekiti wa stendi alipewa kazi badala yake: usafiri wa mashahidi kwenda kituoni, na kuhakikisha hakuna anayesambaza picha ya mtoto au ya mlango wao kwenye kundi la WhatsApp. Kazi hiyo ya pili ilikuwa ngumu zaidi.

Nauli, siku za kazi na miezi mingi

Kesi nyingi hazifi kwa kukosa ushahidi. Zinakufa kwa nauli. Kila kwenda mahakamani ni siku moja ya kibarua iliyopotea, shilingi 500, na nauli ya mama na mtoto kwenda na kurudi, na mara nyingine kesi inaahirishwa baada ya wao kufika. Ikiahirishwa mara tatu, mjomba wa 30,000 anarudi na sauti yake inasikika vizuri zaidi.

Chama cha akina mama cha ploti kiliamua kutoa shilingi 20 kwa kila chumba kwa wiki. Vyumba 24 ni shilingi 480, karibu 1,900 kwa mwezi. Inatosha siku mbili za mahakama pamoja na fidia ya kibarua. Pesa hiyo iliwekwa kando na mzunguko wa kawaida wa chama, kwa saini za watu wawili, kwa sababu fungu la dharura likichanganywa na merigo-raundi huliwa kabla ya dharura kufika.

Katika mashtaka yenyewe kuna mambo mawili ambayo familia hazielezwi. Kifungu cha 124 cha Sheria ya Ushahidi kinairuhusu mahakama, katika makosa ya kingono, kumtia mtu hatiani kwa ushahidi wa mtoto peke yake, mradi hakimu aridhike kwamba mtoto anasema kweli na aandike sababu. Kwa hiyo "hakuna aliyeona" haimalizi kesi. Pia mtoto anaweza kutoa ushahidi akiwa amekingwa asimwone mshtakiwa, au kupitia mtu wa kumsaidia kuzungumza. Haya huombwa na upande wa mashtaka mapema. Asubuhi ya kesi huwa ni kuchelewa. Dhamana nayo ikitolewa, masharti ya kutokaribia ploti yaombwe siku hiyohiyo. La sivyo mtoto ndiye atakayehamishwa, apoteze shule na marafiki, na mtu wa namba 14 aendelee kutengeneza simu.

Ploti ilibadilisha nini

Kikao cha kwanza kilifanyika Jumapili saa kumi jioni, mhudumu wa afya akiwa mwenyekiti. Kesi yenyewe haikujadiliwa. Hilo lilikatazwa mwanzoni. Walichukua karatasi wakachora saa: nani yuko ploti saa nane, saa tisa, saa kumi, hadi saa mbili usiku. Watoto 19 wa umri wa shule, watu wazima watatu tu wanaokuwepo kila siku. Wengi walikuwa hawajawahi kuiona hesabu hiyo.

Kanuni ya kwanza iliwahusu watu wazima: hakuna mtoto wa mtu mwingine ndani ya chumba mlango ukiwa umefungwa, awe nani mwenye chumba, hata kama ni mjomba, shemasi au mwalimu wa madrasa. Katuni zitazamwe mlango ukiwa wazi na pazia likiwa juu. Kanuni hii ina faida ya kutomtuhumu mtu. Anayeikataa kwa hasira amejitambulisha mwenyewe kwamba anahitaji kuangaliwa.

Vyooni waliweka taa, na komeo la ndani likashushwa hadi sentimita 90 kutoka sakafuni, kwa sababu la zamani lilikuwa juu, watoto wakaingia bila kufunga. Funguo za vyumba vitupu zilitoka mfukoni mwa keateka zikawekwa kwenye sanduku lenye daftari la kuandika nani amechukua. Gharama yote ilikuwa ndogo, na landilodi alikubali kuikata kwenye kodi.

Watoto wenyewe walifundishwa mambo machache, kwa nusu saa, wavulana na wasichana pamoja: majina halisi ya viungo vyao, kwamba hakuna mtu mzima anayeruhusiwa kumwekea mtoto siri asiyoweza kumwambia mama, na majina ya watu watatu wa kwenda kwao, mmoja akiwa nje ya ploti. Hatutaki kutia chumvi hapa. Mtoto wa miaka tisa hawezi kumzuia mtu mzima aliyekusudia. Mafunzo ya watoto husaidia jambo ligunduliwe mapema. Kulizuia ni kazi ya mlango ulio wazi.

Daftari la vipande likawa kwa mhudumu wa afya, na ratiba yake ya kupita ikahamishiwa saa kumi na moja jioni mara moja kwa mwezi. Mwalimu, keateka na muuza smoki wana namba yake. Huandikwa tarehe, kilichoonekana au kusikika, na herufi ya kwanza ya jina, maoni hayaandikwi. "Pazia limeshuka saa tisa, mtoto W. alikuwa ndani" ni taarifa. "Huyo jamaa simwamini" ni umbea, na umbea ukiingia kwenye daftari litatumika kulipizana visasi vya maji na kodi. Vipande viwili vya mtoto mmoja ndani ya mwezi mmoja vinampeleka mhudumu kwa afisa wa watoto.

Mengine hayakushika. Zamu ya kujitolea ya kuwaangalia watoto mchana ilidumu wiki saba. Wanawake wawili waliokuwa wanaishika wana mboga za kuuza, na hakuna anayeweza kuacha kibanda saa tisa mchana bure. Ilirudi pale kila mzazi alipokubali kulipa shilingi 30 kwa mtoto kwa siku, chini ya bei ya deikea nyingi za mtaani, na kanisa la jirani likatoa ukumbi wake kuanzia saa nane, kwa masharti: watu wazima wawili wakati wote, mlango wazi, na orodha ya majina inayowekwa saini mtoto anapoingia na anapochukuliwa. Wanaume walihudhuria kikao cha kwanza tu. Waliorudi ni wale waliopewa kazi maalumu, taa na komeo na sanduku la funguo, na hilo ni la kukumbuka kwa anayepanga vikao vya namna hii: mwanamume wa ploti akiitwa kusikiliza haji, akiitwa kutengeneza anakuja, na akija anasikiliza.

Na mama? Aliacha mwiko, ingawa si kwa siku moja. Mshauri nasaha alimwona yeye na mtoto kando kando, kisha pamoja. Kukojoa kuliendelea kwa miezi mitatu. Mama alipewa mpira wa kufunika godoro na akaambiwa asiseme chochote usiku, abadilishe shuka tu.

Kinachobaki ni likizo. Shule zikifungwa Aprili, Agosti na mwishoni mwa mwaka, zile saa tano na nusu zinakuwa kumi na nne kwa siku, na ukumbi wa kanisa hauko wazi asubuhi. Kikao cha ploti sasa hufanyika Jumapili mbili kabla ya shule kufungwa, karatasi ya saa inachorwa upya, watoto wanaopelekwa mashambani wanaandikwa watakaa na nani huko, na anayebaki bila mtu mzima kuanzia asubuhi anapangiwa jina kabla ya kikao kuvunjika.